Kuuzisha nyumba Kiwanja: muhuri mingi, mashahidi wengi, na avoka anayefika mwisho

Mtu akitangaza kwamba anauzisha nyumba yake Kiwanja, kilomita 70 hivi kaskazini mwa Goma, swali la kwanza la mnunuzi si bei. Ni hili: “Makaratasi iko?” Na mara nyingi iko. Kuna karatasi ya zamani ya shefu wa lokalite, wino umefifia, mashahidi wamepiga kidole chini yake. Kuna fishi ya parsele kutoka kwa shefu wa kartie. Pengine kuna kontra ya kukodi kutoka ofisi ya ardhi, ambayo muda wake ulikwisha bila mtu kurudi kuifuatilia. Kinachokosekana ni sertifika ya kuandikishwa, karatasi pekee ambayo sheria ya Kongo inaitambua kama haki kamili juu ya parsele. Na anakosekana mtu wa sheria wa kumwambia muuzishaji, kabla hajatia saini, kila moja ya karatasi hizo ina uzito gani.

Wengi wanasema ni vita ndivyo vilivyoharibu mambo ya parsele Rutshuru. Vita vimeharibu mengi, ni kweli. Lakini mchafuko huu ni mzee kuliko vita vyote ambavyo wakaaji wa Kiwanja wanavikumbuka.

Zamani, Bwisha, udongo haukuuzishwa kama leo. Aliyefyeka msitu wa kwanza, mkonde, ndiye alikuwa na neno juu yake. Aliyekuja nyuma aliomba mahali pa kulima na kujenga, akaleta pombe, akatoa siku za kazi, na akabaki kujulikana kwa jina la yule aliyempokea. Kilicholinda mapatano hayo ni macho ya watu. Jirani alijua mpaka uko kwenye mti gani, na mtoto wa jirani alifundishwa mti huo.

Halafu ikaja Leta. Tarehe 1 Julai 1885 Leta Huru ya Kongo, ile ya mfalme Leopold wa Pili, ilitoa amri kwamba udongo wote usio na mtu ni wake. Nani aliyehukumu kwamba hauna mtu? Leta yenyewe. Wakati huo hakuna mtu wa Rutshuru aliyekuwa amesikia habari hiyo. Hata mpaka wa sehemu hizi kati ya Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza ulikuja kukubaliwa mwaka 1910 tu. Amri ilitangulia, ikakaa kuwangoja wakaaji.

Katika miaka hiyohiyo ya 1880, Kongo ilichukua mtindo uliotungwa na Robert Torrens huko Australia Kusini mwaka 1858. Mtindo wenyewe ni mwepisi kueleza: haki ya parsele haitoki kwa mashahidi wala kwa karatasi ambayo watu wawili wameandikiana. Inatoka katika kitabu cha Leta. Aliyeandikwa kitabuni ndiye mwenyewe. Ukitaka kuuzisha, jina lako linafutwa na jina la mnunuzi linaandikwa. Kwa mtindo huu mtu anaweza kununua bila kuchunguza historia ya miaka mia, na hilo ni jambo zuri. Shida ni kwamba kitabu kilifunguliwa kwa ajili ya mzungu wa plantasio, kampuni na misheni. Mkongomani aliachwa upande wa desturi, chini ya shefu wake. Huko Bwisha, sehemu kubwa ya wakati wa ukoloni shefu huyo alikuwa mwami Daniel Ndeze. Mwaka 1925 Wabelgiji waliongeza Parke Albert, ambayo leo ni Virunga, na udongo wa kulima na kujenga ukabanwa kati ya parke na plantasio.

Kwa hiyo, tangu mwanzo kulikuwa na njia mbili za kuwa na nyumba. Moja ilikuwa na kitabu, nyingine ilikuwa na mashahidi. Njia ya kitabu ndiyo iliyokuwa na avoka.

Sheria nyingine ya wakati huo haitajwi sana, ijapokuwa bado inafanya kazi kila siku: dekri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba. Ndani yake mna maneno ambayo kila muuzishaji angepaswa kusomewa kwa sauti. Inasema kwamba mauzo yamekamilika kati ya watu wawili tangu waelewane juu ya kitu na bei, hata kama kitu hakijatolewa na pesa hazijalipwa. Maana yake katika maisha ya Kiwanja ni hii: mtu aliyetia saini akingoja “nusu nyingine mwezi ujao” amekwisha kuuzisha. Kilichobaki mkononi mwake ni deni la kudai, na kulidai kunaomba tribinali, pesa na muda. Dekri hiyohiyo inasema kwamba kuuzisha kitu cha mwingine ni bure, na kwamba anayetumwa kuuzisha mali kwa niaba ya mwenyewe lazima awe na prokurasio inayotaja wazi kazi hiyo ya kuuzisha. Prokurasio ya “anishughulikie mambo yangu” haitoshi. Tutaona mbele kwa nini jambo hili limewagharimu watu wa Rutshuru.

Baada ya uhuru, Leta ya Mobutu ilitaka kufunga njia ya mashahidi moja kwa moja. Kwanza ilikuja sheria ya Bakajika, ya tarehe 7 Juni 1966, iliyorudisha udongo wote mikononi mwa Leta. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ambayo hadi leo wanasheria wa Goma wanaiita kwa mwaka wake tu, “ya sabini na tatu”. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya Leta peke yake, hauuzishwi, na hata ukikaa juu yake miaka mingapi hauwi wako kwa kukaa tu. Raia anapewa haki ya kuutumia: kwanza kontra ya kukodi isiyozidi miaka 3, akijenga inavyotakiwa anapewa haki ya kudumu, na haki hiyo, kwa kifungu cha 219, inathibitishwa na sertifika tu.

Ndiyo maana anayesema “nimeuzisha parsele yangu” anasema lugha ya mtaani. Kwa sheria ameuzisha nyumba aliyoijenga, pamoja na haki yake ya kukaa pale. Kama haki hiyo haikuandikwa popote, basi ameuzisha matofali, mbao na mabati.

Na wale waliokuwa na udongo wa desturi? Sheria ya 1973 iliwaweka pembeni kwa sentensi moja. Vifungu vya 387 hadi 389 vinasema udongo wanaokaa wenyeji umekuwa wa Leta, na kwamba haki zao juu yake zitapangwa kwa amri ya Rais. Amri hiyo haikutolewa. Mobutu hakuitoa katika miaka zaidi ya 20 iliyomfuata, wala wale waliokuja nyuma yake. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Basi shefu anaendelea kupiga muhuri kwa kuwa desturi iko ndani ya Katiba, na ofisi ya ardhi inaendelea kuukataa muhuri huo kwa kuwa sheria ya 73 haiujui. Wote wawili wana kifungu cha kuonyesha. Muuzishaji anasimama katikati, ameshika karatasi.

Tukumbuke pia umbali. Hadi mwaka 1988, Kivu ilipogawanywa, makao makuu ya jimbo zima yalikuwa Bukavu. Mtu wa Kiwanja aliyetaka avoka alipaswa kwenda Goma, kisha avuke ziwa. Kwa bei ya nyumba ya miti na udongo, safari peke yake ingekula faida. Hapo ndipo watu wengine walipochukua kazi ya avoka: shefu, katekista mwenye mwandiko mzuri, mwalimu, na baadaye komisioneri, yule anayetafuta mnunuzi na kukata asilimia yake. Komisioneri anajua bei kuliko mtu yeyote. Lakini yeye analipwa siku mauzo yanapofanyika, na siku yasipofanyika halipwi. Hawezi kuwa ndiye wa kukushauri usiuzishe.

Na si kwamba Leta ilisahau kabisa masikini. Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 iliyopanga kazi ya avoka iliweka ofisi za mashauri ya bure ndani ya kila baro, kwa ajili ya mtu asiyeweza kulipa. Anachoombwa ni karatasi inayothibitisha umasikini wake. Sheria hiyohiyo iliwatambua watetezi wa mahakamani, ambao si avoka kamili lakini wanaruhusiwa kusimama mbele ya tribinali za chini, na ambao kwa mji mdogo ni rahisi zaidi kuwafikia. Miaka zaidi ya 40 imepita, na bado wakaaji wengi hawajui kwamba mlango huo upo. Wanaoujua wanaukumbuka siku ya kesi, yaani siku ambayo saini imekwisha kutiwa.

Mwaka ulioonyesha uzito wa jambo hili ni 2008. Mwishoni mwa Oktoba, CNDP ya Laurent Nkunda iliteka Rutshuru na Kiwanja. Tarehe 4 Novemba Mai-Mai walishambulia, CNDP ikarudi, na kati ya tarehe 4 na 5 watu waliuawa nyumba kwa nyumba, wakati kambi ya MONUC ilikuwa karibu. Human Rights Watch ilikadiria waliouawa kuwa 150 hivi. Wengi walikuwa wanaume na vijana, kwa sababu wauaji walisema kila kijana aliyebaki mjini ni Mai-Mai.

Habari ya mauaji hayo imeandikwa mara nyingi. Iliyoandikwa kidogo ni habari ya makaratasi yaliyobaki. Parsele za Kiwanja, kama za sehemu nyingi za Kongo, zilikuwa zimeandikwa kwa jina la baba. Baba akifa, mama anabaki na nyumba na karatasi isiyo na jina lake. Ndugu wa marehemu wanakuja na kusema nyumba ni ya ukoo. Mwingine anatafuta mnunuzi bila kusubiri matanga yaishe.

Sheria hapa iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Kodi ya familia, ya tarehe 1 Agosti 1987, inawapa watoto wa marehemu robo tatu za urithi, wale wa nje ya ndoa waliotambuliwa wakiwa pamoja nao. Mjane anabaki na haki ya kutumia nyumba waliyokaa. Shemeji hana mamlaka ya kuiuzisha, hata akija na mihuri mitatu. Lakini kuthibitisha hayo kunahitaji baraza la familia liandikiwe PV, tribinali itambue warithi, na mtoto mdogo awe na mtu anayemsimamia. Mama ambaye hajawahi kuingia ofisini hawezi kuyapanga hayo peke yake. Tena, kwa kodi ya 1987 ilivyokuwa, mwanamke aliyeolewa aliombwa ruhusa ya mumewe kwa mambo ya kisheria. Sharti hilo liliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Leo mali ya pamoja haiuzishwi bila neno la wote wawili. Mnunuzi anayekubali saini ya mume peke yake anajinunulia kesi, na mume mwenyewe pia.

Kwa wajane, msaada wa kwanza haukutoka kwa Leta. Tume ya Haki na Amani ya jimbo Katoliki la Goma ilisikiliza ugomvi wa namna hiyo, na Dynamique des Femmes Juristes, shirika la wanawake wanasheria wa Goma, limefuatilia haki za urithi za wanawake. Kuanzia mwaka 2009 hivi UN-Habitat iliingia katika upatanishi wa ardhi Kivu Kaskazini. Baraza la Wakimbizi la Norway lilileta huduma yake ya ushauri wa sheria kwa waliokimbia. Mapatano ya tarehe 23 Machi 2009 kati ya serikali na CNDP, yale ambayo M23 ilichukua jina lake, yalizungumzia kamati za upatanisho za mahali ili wanaorudi wapate kusikilizana na waliowakuta.

Upatanishi huo ulizima moto mwingi, na asiyekubali hilo hajakaa Rutshuru. Una mipaka yake, lakini. PV ya wapatanishi inafunga wale waliotia saini. Haigeuzi kitabu cha konservateri. Jirani wawili wanaweza kuelewana mbele ya watu wote juu ya mpaka, na mtu wa tatu, aliye Goma, akawa na sertifika ya parsele yote miwili.

Na hapo kuna kifungu ambacho mtu aliyekimbia vita hapaswi kukisikia kwa mara ya kwanza mahakamani: kifungu cha 227 cha sheria ya 73. Sertifika ikitolewa, inaweza kushambuliwa kwa muda wa miaka 2. Baada ya hapo haivunjwi tena. Aliyeibiwa anaweza kudai malipo tu. Torrens alitaka mnunuzi mwema alale usingizi, na kwa nchi yenye amani miaka 2 inatosha mwenye nyumba kugutuka. Sasa hesabu za Kiwanja: watu wametoka 2008. Wametoka tena Julai 2012, M23 ilipoingia, na serikali ikarudi mwishoni mwa Oktoba 2013. Wametoka tena baada ya tarehe 29 Oktoba 2022, M23 ilipouchukua mji kwa mara ya pili. Aliyevuka Bunagana akafika Nakivale, Uganda, anaweza kukaa huko miaka 3 bila kujua kwamba mtu ameandikisha parsele yake. Anaporudi, saa ya sheria imekwisha kupiga.

Kutoka uhamishoni ndiko kunakotoka pia mauzo mabaya. Mwenye nyumba yuko kambini, mtoto anaumwa, ndugu aliyebaki Kiwanja anapiga simu: “Kaka, mtu iko hapa na dola, leo leo.” Prokurasio inaandikwa kwa picha ya WhatsApp, bila notere, bila bei ya chini kabisa, bila kusema wazi kwamba ni ya kuuzisha. Ndugu anauzisha kwa bei aliyoiona yeye. Baadaye mwenyewe anataka kuvunja mauzo, mnunuzi amekwisha kupandisha ukuta, na dekri ya 1888 inafunguliwa tena. Avoka angeweza kusaidia kwa mistari mitatu tu katika prokurasio: parsele gani, bei isiyopungua kiasi gani, na pesa zinapita mkononi mwa nani.

Kuna jambo jingine ambalo avoka anatazama kabla ya yote: tribinali gani. Kwa sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 juu ya tribinali, ugomvi wa udongo unaotawaliwa na desturi unaanzia tribinali ya amani, kama ile ya Rutshuru. Ugomvi wa sertifika unapanda kwa tribinali kubwa. Mtu anayekosea mlango anaweza kusubiri mwaka mzima, alipe gharama, kisha aambiwe arudie mwanzo. Na muuzishaji bado hajalipwa.

Leo swali limekuwa gumu zaidi. Kiwanja ina watawala waliowekwa na M23, na tangu Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, tribinali za serikali zilizokuwa zikifanya kazi huko zilisimama. Benki pia zilifungwa, basi pesa za nyumba zinahesabiwa mkononi, mezani, bila alama yoyote nyuma. Anayeuzisha anapata muhuri wa utawala uliopo. Wazee wanakumbuka wakati wa RCD, kati ya 1998 na 2003: watu waliandikiana mauzo miaka yote ile, na serikali ya umoja ilipokuja, ugomvi wa makaratasi ya wakati ule ukaanza.

Wapo wasioweza kungoja. Mgonjwa hangoji, wala ada ya shule. Kwa watu hao, mtetezi wa mahakamani au avoka aliyebaki karibu hana uwezo wa kuwapa sertifika, na akiwaahidi hiyo wamtilie shaka. Anachoweza ni kuandika akti isiyotegemea muhuri peke yake: majina ya mume na mke wote wawili, asili ya parsele tangu mwenyewe wa kwanza, vipimo na majirani wa pande nne wakitia saini, bei kwa tarakimu na kwa maneno, kiasi kilicholipwa siku hiyo, na sharti kwamba nyumba haikabidhiwi wala karatasi za zamani hazitolewi kabla ya dola ya mwisho kuhesabiwa. Kama kuna mtu mwingine anayedai, barua ya kupinga inaandikwa kwa konservateri, na nakala yake inabaki na tarehe ya kupokelewa. Akti yenyewe inatolewa nakala nne: muuzishaji, mnunuzi, avoka, na ya nne inatoka nje ya mji, kwa ndugu aliye Kampala au Kinshasa, kwa sababu mwaka 2008 makaratasi mengi ya Kiwanja yalipotea pamoja na nyumba zilizokuwa zimeyahifadhi.